Bibi yangu alivyokataa hospitali niliyochagua kazini

Wakuu, kaeni vizuri. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, kwa hivyo msitafute Kiswahili safi hapa. Tafuteni ukweli tu.

1997, nikiwa miaka 31, mvua ilikataa kabisa kwetu Muthetheni. Nikaacha jembe, nikaandikwa kiwanda cha mabati Athi River. Bibi na watoto wawili wakabaki nyumbani. Nilikuwa nawaona mwisho wa mwezi.

2001 kampuni ikaleta mambo ya medical. Unachagua hospitali moja, wewe na familia mnatibiwa huko tu. Kulikuwa na ile kubwa ya Nairobi, na ya misheni karibu na kwetu.

Sisi wote kiwandani tukaweka alama Nairobi. Ilikuwa na lift, bwana! Nani angekataa lift?

Fomu yangu ikarudishwa, nilikuwa sijajaza nambari ya kitambulisho ya bibi. Nikaenda nayo nyumbani.

Bibi yangu, Mama Mutua, yeye alimaliza la saba. Akasoma polepole, mbele na nyuma. Mimi nangoja nambari tu.

"Baba Mutua, wewe mwaka huu umegonjeka mara ngapi?"

"Mimi? Mimi ni chuma."

"Na watoto?"

Nikajifanya natafuta kalamu. Kila nikienda nyumbani nilikuwa napata mmoja ana malaria.

"Na hii mimba ya miezi sita? Nikishikwa na uchungu nivumilie mpaka Nairobi, nipande lift yako?"

Wakuu, niliudhika. Kazi yangu, jasho langu, aniulize yeye? Lakini hilo swali lilinifuata mpaka kiwandani kama inzi.

Jumatatu nikaomba fomu nyingine, nikaweka alama misheni. Kioko, tuliyekuwa naye mashine moja, akapiga kelele: "Aiya! Oneni mwanaume ameandikwa kazi na bibi!" Walicheka mpaka lunch.

Mimba ilipokaribia kuisha, bibi akaanza kutokwa damu akiwa shambani, mchana. Jirani akamkimbiza na mkokoteni wa ng'ombe. Kadi ya medical ikakubaliwa, akaingia theatre kupasuliwa hapo hapo. Mimi nilijua kesho yake. Daktari akaniambia safari ndefu ingemmaliza.

Kioko aliposikia, hakucheka. Alinivuta kando: "Mzee, hiyo fomu ya kubadilisha inachukuliwa wapi?"

Nilijifunza hivi: faida ya kazi haiishi getini. Anayebaki nyumbani ndiye anajua inahitajika wapi.

Lakini mpaka leo najiuliza, mbona ofisi haikuuliza akina mama, na wao ndio hubeba watoto hospitali? Na sisi wanaume je, mbona hatukuuliza? Fomu za kwenu siku hizi zinafika nyumbani, ama mnamalizana nazo huko kazini? Semeni. Hata matusi nitasoma.

Leo niko na ekari sita Muthetheni. Duka moja la hardware Tala. Ng'ombe watano. Bibi mmoja, yule yule.

Na msichana wa ile mimba, anaitwa Mwende. Ndiye ananichapia hii, na amekataa kutoa hapo kwa lift.