Bibi wa Kitabu na Goti Langu

Harufu ya chokaa mbichi hunikaba koo hadi leo. Jirani akipaka ukuta wake, mimi hufunga dirisha haraka, na mume wangu hudhani naogopa vumbi. Si vumbi. Nikiivuta ile harufu tu, mguu wangu wa kushoto huwa mzito ghafla, na mimi huwa tena mtoto wa darasa la tano, nimelazwa chali nyumbani kwetu nje kidogo ya Mogogosiek, nikiwa na plasta yenye harufu ile ile kutoka pajani hadi karibu na vidole.

Nilianguka kutoka juu ya mlokwati. Matunda ya chini yalikuwa yameisha, ya juu yalikuwa yameiva manjano kabisa, na mimi nilikuwa na tamaa. Sina maelezo mengine. Goti lilivunjika vibaya. Hospitali ya misheni wakalipanga walivyoweza, wakalifunga, na Baba akakihamishia kitanda changu sebuleni, kando ya dirisha, ili angalau nione nje.

Kuona nje! Nawaambia ukweli, afadhali wangenilaza nikitazama ukuta. Chai yetu ilipandwa hadi karibu na nyumba, kwa hiyo kutoka pale kitandani sikuona njia, wala uwanja, wala paa la shule. Niliona kijani. Chai ilipanda mlima mbele yangu hadi juu, na huko juu ilianza chai ya watu wengine. Wachumaji walipopita kati ya mistari niliwaona kuanzia kiunoni tu: kofia, mikono, kikapu mgongoni. Hawakuwa na miguu. Nilipowatazama siku baada ya siku, nilianza kuona kwamba hivyo ndivyo watu walivyo. Halafu mchana mvua ya kwetu ilishuka, mabati yakapiga kelele hata usimsikie mtu aliye jikoni, na ukungu ukawafunika hata wale watu nusu. Ndani ya plasta kuliniwasha mno. Mama alinipa sindano yake ya kufumia sweta nijikune nayo, na kwa muda mrefu hiyo ndiyo iliyokuwa raha yangu pekee duniani.

Aliyeniletea kitabu alikuwa Mwalimu Atieno. Yeye na mumewe walikuwa wametoka upande wa ziwa. Mumewe alikuwa fundi wa mitambo kiwandani, na yeye alitufundisha Kiingereza. Nilimpenda sana. Alikuja na gamboti zake zenye matope, akazivua mlangoni kwa heshima ya Mama, akatoa mkobani kitabu kikuukuu ambacho jalada lake lilikuwa limeliwa na panya. Jina la mwandishi lilikwenda na hao panya. Lakini ndani kulikuwa na picha yake: mama wa Kiingereza wa enzi za Malkia Viktoria, amelala kwenye kiti kirefu, shali imefunika miguu, kibao cha kuandikia kifuani.

Mwalimu akanisimulia maisha ya mama huyo. Alianguka akiwa msichana mdogo. Mguu haukupona. Tangu hapo aliishi kwenye kile kiti, na akiwa pale aliwaandikia watoto hadithi za bata bukini mmoja mwenye kiburi, aliyetembea Uingereza nzima kwa miguu akitafuta soko ambako hakuna mtu anayekula bata.

"Unaona, Chelangat?" Mwalimu aliniambia, huku ameishika mikono yangu miwili. "Huyu mama hakuwahi kuinuka tena. Lakini mpaka leo watoto wanasoma kitabu chake na wanacheka. Hata wewe unaweza kuandika. Nimekuletea daftari na penseli."

Kogo, yaani bibi yangu mzaa baba, alikuwa ameketi karibu na mlango akivuta ugoro. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, na ulimi wake ulibadilisha herufi ulivyotaka.

"Mwalimu," aliuliza, "huyo pipi ya kitapu, koti yake ilikufa kapisa?"

Ndugu yangu mdogo alisikia "pipi" akatoka jikoni mbio, mkono umenyooshwa.

"Hana koti, Kogo," Mwalimu alijibu kwa upole. "Hiyo ni shali tu."

"Si koti ya paridi! Koti ya mguu!"

Watu wote walicheka, hata Mama. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesikia neno moja tu katika yote yale: hakuinuka tena. Anguko lake, langu. Mguu wa kushoto, kwa jinsi nilivyoisoma picha, kama wangu. Kitanda, dirisha. Sasa nimepewa na penseli. Nilielewa kwamba watu wazima wamekaa mahali wakakata shauri juu yangu, na Mwalimu ndiye aliyetumwa kuniletea habari. Nikalisukuma lile daftari chini ya godoro. Nilijiambia kwamba siku nitakayoandika mstari wa kwanza, ndiyo siku nitakuwa nimekubali kukaa hapo maisha.

Lakini kitabu chenyewe nilikisoma. Ningefanyaje? Hapakuwa na kingine. Na kadiri nilivyomcheka yule bata, ndivyo wazo lingine lilivyoniingia, na hili lilikuwa baya zaidi.

Kwetu Wakipsigis, mtoto akizaliwa, akina mama huita majina ya wafu wa ukoo, moja baada ya jingine, na kumnusisha mtoto ugoro kidogo. Jina atakalolipigia chafya ndilo la yule aliyerudi ndani yake. Mimi nilikuwa mgumu. Ilisemwa nyumbani kwa mzaha kwamba waliita hadi wakakauka koo, nami nawatazama tu. Hatimaye mtu akafungua mlango, baridi ikaingia, nikapiga chafya wakati hakuna aliyekuwa akiita. Jina la mwisho kutajwa lilikuwa la Taprandich, dada wa marehemu babu, basi wakasema ni yeye, wakaenda kunywa chai.

Miaka yote nilikuwa nikiuona huo kuwa mzaha mzuri. Sasa nikiwa pale kitandani niliuona kwa namna nyingine. Kama aliyeingia hakuitwa na mtu, basi alikuwa nani? Nikafungua ile picha. Yule mama hakuwa na mtoto wala mjukuu. Mwalimu alisema hivyo mwenyewe. Nani wa kwao angemwita? Akazunguka huko na huko kama bata wake, akakuta mlango wetu wazi. Wenzangu, msinicheke. Niliamini kabisa kwamba mimi ndiye yule mzungu, na kwamba nimerudi duniani kuja kulala tena.

Plasta ilikatwa mvua zikielekea kuisha. Mguu uliotoka mle haukuwa wangu: mwembamba, mweupe kwa ngozi iliyokufa, unanuka. Daktari alimwita Baba pembeni wakazungumza kwa muda, na Baba alirudi akiwa hanitazami usoni. Muuguzi akanieleza waziwazi kwamba nisiposimama mapema, nikianza kwa maumivu na kuyazoea, goti litaganda hivyo hivyo na halitanibeba tena.

Nyumbani Baba alinichongea magongo. Mama alibembeleza, akafoka, akabembeleza tena. Nilikataa. Kila asubuhi waliniketisha ukingoni mwa kitanda na kila asubuhi nilijirusha nyuma nikilia. Walidhani ni maumivu. Niliumia, ndiyo, lakini kilichonishinda ni kwamba sikuona maana ya kuhangaika na jambo lililokwisha kuamuliwa.

Siku moja wote walikuwa shambani wakichuma chai, nimebaki na Kogo. Aliniuliza kwa Kikipsigis, bila upole wowote, "Wewe unataka nini hasa?"

Nikamwambia yote. Picha, mguu, mlango uliofunguliwa, chafya. Nililia hadi makamasi yakaingia mdomoni.

Kogo alicheka hadi akalazimika kushika ukuta. Kisha akakasirika, na hasira yake niliiogopa kuliko goti.

"Apite wapi?" alifoka. "Wa ukoo gani huyo? Mtu hurudi kwa watu wake. Yule hata njia ya Kericho haijui, atajua ya kwangu? Aliyerudi ni Taprandich. Mimi nilikuwa nimekushika, nilisikia chafya, najua."

"Lakini hakuna aliyekuwa akiita."

"Mimi nilikuwa naita. Moyoni." Akavuta ugoro. "Na unamjua Taprandich? Yule alikuwa na miguu! Anatoka hapa alfajiri, kibuyu cha maziwa mgongoni, anafika Sotik, anarudi kabla ng'ombe hawajakamuliwa jioni. Ndugu zake wanaume walikuwa wanamtuma yeye. Sasa unalaza miguu ya mtu kama huyo kitandani? Huoni aibu?"

Akanishika chini ya makwapa. Alikuwa mzee lakini mikono yake ilikuwa imechuma chai tangu chai ifike kwetu.

"Taprandich," aliniita, na hakuwahi kuniita hivyo. "Simama."

Nikasimama. Nilipiga mayowe hata wachumaji wakaacha kazi na kukimbilia nyumbani kwetu, lakini nilikuwa wima, na nilipotazama dirishani niliona chini, kati ya mistari, miguu yao ikija mbio kwenye matope. Baada ya hapo Kogo alinisimamisha kila siku, kwa jina lile lile na kwa ukali ule ule. Shule zilipofunguliwa nilikwenda kwa magongo, na baadaye bila magongo. Goti halikunjiki lote, na kanisani hukaa mwisho wa benchi ili ninyooshe mguu. Lakini hunibeba.

Kogo alifariki nikiwa mtu mzima, mama wa watoto. Baada ya mazishi, tukiwa tumeketi na dada mkubwa wa Baba, nilianza kuwasimulia watoto wangu habari za Taprandich na kibuyu chake, na ile safari ya Sotik.

"Taprandich gani huyo?" shangazi aliniuliza.

"Dada wa babu. Niliyepewa mimi."

"Yule hakuwahi kutembea, mama. Tangu utoto. Kogo wako alipoolewa hapa, hiyo ndiyo kazi aliyopewa kwanza: kumbeba wifi yake nje asubuhi aote jua, na kumrudisha ndani jioni. Alimbeba mpaka akamzika."

Mimi nilikuwa nimemwogopa mzungu asiyeijua njia ya kwetu. Kogo aliogopa mtu wa nyumbani, ambaye aliamini amekwisha kufika. Alisikia chafya yangu akamjua, akaniona nikianguka, akaniona nimelala pale nakataa kuinuka, na hakumwambia mtu. Nilipomsikia shangazi, kwanza nilidhani siku ile Kogo alinidanganya mimi. Leo najua hakuwa akizungumza na mimi peke yangu. Alikuwa amemshika tena wifi yake chini ya makwapa, na alikuwa akimwambia kwamba safari hii hatambeba.