Simu Tatu kwa Ofisi ya Udahili

Kwetu Lumuma tunalima mahindi na vitunguu. Hatukuwahi kufuga hata mbuzi mmoja. Kwa hiyo nilipomaliza kidato cha nne nikaomba chuo cha afya ya mifugo kule Kilosa, baba alicheka, akauliza nitaanza kwa kutibu kunguru au panya.

Wakati wa kusubiri majibu nilikaa Mikumi kwa mama mdogo, aliyekuwa na mgahawa kando ya barabara kuu. Mtandao ulikuwa mzuri, na yeye alikuwa na ushauri mwingi.

"Piga simu," aliniambia huku akigeuza chapati. "Ukinyamaza watadhani umepata kwingine."

Nikapiga Jumatatu. Mama wa ofisi ya udahili alinijibu vizuri, akasema maombi yangu yamefika. Jumanne nikapiga tena, nikamwambia ninakipenda sana chuo chao. Alhamisi nilipopiga, hata salamu yangu haikuisha.

"Binti, jina lako nimeshaliandika. Ukipiga kila siku, halitaandikwa mara mbili."

Nilisema samahani, nikakata simu. Uso uliniwaka. Nilijua nimejiharibia mwenyewe, na kwa wiki nzima sikutaka hata kuigusa ile simu.

Mama mdogo alikuja na wazo jingine: twende chuoni na jogoo.

"Jogoo wa nini, mama?"

"Wa salamu tu."

Nikamwambia salamu zangu zilishazidi. Hapo tukacheka, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile.

Afisa mifugo wa kata alikuwa anakula palepale mgahawani kila mchana. Siku moja nilimwamkia, nikamwomba nimsaidie kazi, hata kubeba boksi la chanjo. Akakubali. Tulianza na kuku, nyumba kwa nyumba, kuwachanja dhidi ya mdondo, ugonjwa unaoua kuku kwa mkupuo. Kisha tukaenda kwenye maboma ya wafugaji. Huko mama mmoja mtu mzima, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, alinionyesha kwa mikono jinsi ya kumsogelea ng'ombe: kwa ubavu, polepole, huku ukiongea naye ili asishtuke. Ukimkimbilia, anaondoka. Nilirudi jioni nikinuka samadi, nimefurahi kuliko siku yoyote ya mwaka ule.

Wiki ya nne ya kazi hiyo niliandika barua ya ukurasa mmoja. Sikuomba nionewe huruma. Nilieleza nilichokifanya, na swali moja nililokuwa nalo kweli: je, mtu asiyetoka kwenye familia ya wafugaji hupewa mazoezi ya ziada kabla ya kwenda vijijini? Nilikuwa napita Kilosa kwenda nyumbani, nikaipeleka mwenyewe.

Mama wa udahili alikuwa mfupi, miwani puani. Nilimjua kwa sauti alipomwita mtu aliyekuwa mbele yangu.

"Shikamoo."

"Marahaba." Akaisoma barua nikiwa nimesimama. Akarudia mstari mmoja. "Wewe ndiye wa simu?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe kwa usumbufu."

"Na mdondo unachanjaje?"

"Tone moja jichoni."

Akaitikia kwa kichwa, akaniambia mazoezi yapo, muhula wa kwanza, kwenye shamba la chuo. Nilikuwa na maneno mengine kumi mdomoni. Nikayameza, nikamshukuru, nikatoka. Sikukaa hata dakika tano.

Ujumbe ulinikuta Lumuma, tunang'oa vitunguu. Nilichaguliwa. Nilimpa mama simu asome, maana macho yangu yalishajaa maji, naye akasoma kwa sauti hadi baba akasimamisha jembe. Nikakaa chini juu ya udongo mbichi, nikapumua kama mtu aliyetua gunia.

Baba hakucheka safari hii. Aliuliza tu wanafungua lini.