Mgeni wa Kitundu cha Barua

Mtu wa madeni anayetumwa na halmashauri mtaani kwetu hufuta viatu kwenye zulia la mlangoni kabla hata ya kugonga, kama mgeni aliyekwisha kukaribishwa. Kisha hujaribu kitasa kwa vidole viwili, taratibu, maana mlango usiofungwa kwake ni ruhusa ya kuingia na kuandika vitu vya kukamatwa kwa deni. Ndiyo maana akionekana tu tunajifungia, tunazima redio, na birika likianza kupiga mluzi tunalirukia kulinyamazisha. Sauti yake ni laini, ya muuguzi. Hupiga magoti, hufungua kitundu cha barua kilichotobolewa mlangoni na kunong'ona: "Najua upo, mama. Tuongee tu."

Bi Ollerenshaw, jirani yangu wa ukuta mmoja, alifariki Februari. Nililalamika halmashauri kwamba marehemu bado anadaiwa kodi. Wakasema suala liko kwa mawakala wa kukusanya madeni. Leo asubuhi nimemkuta mtu yule amepiga magoti mlangoni kwa marehemu, sikio kwenye kitundu. Nikafungua dirisha la juu.

"Wewe! Huna haya? Huyo tumeshamzika!"

Akainua kidole nisubiri, akaendelea kusikiliza huku akiitikia kwa kichwa. Kisha akafunga kitundu polepole, kisijibamize, akajipangusa magoti.

"Ameomba nimpe mpaka Jumanne," akasema.

Nilikuwa nimeshafungua kinywa nimtukane, ndipo nyuma ya ukuta birika likaanza kupiga mluzi, na mara likanyamazishwa.