Kigoda Kilichoelekezwa Ukutani

Pale studio walimwita Kimya, na jina likamkaa. Kelele ndogo tu ilimkosesha raha. Feni aliizima hata kwenye joto la kuchemsha maji, na siku moja alimtoa nje mteja kwa sababu ya bangili zake. Adui yake mkubwa alikuwa mvumo, ule unaotoka kwenye gitaa la umeme linapodaka umeme wa taa na wa nyaya za ukutani.

Gitaa la mdogo wake lilikuwa kuukuu, na kwa kuvuma halikuwa na mpinzani. Lakini Kimya aligundua kwamba mpigaji akiketi kuelekea ukuta wa nyuma, mvumo hufifia karibu kuisha. Basi akatia alama ya chaki sakafuni, akaweka kigoda juu yake, na miaka yote mdogo wake akampigia huku amempa mgongo.

"Iko siku nitaisahau sura yako, kaka," mdogo wake alizoea kumtania.

"Masikio yangu yanakutosha."

Waya ulitoka kwenye gitaa moja kwa moja hadi kwenye kompyuta, bila spika, maana majirani walishachoka nao. Sauti ikifika hivyo huwa nyembamba kama ya mbu. Kimya aliipitisha kwenye programu inayoiga sanduku la spika, nayo ikapata kifua. Alijivunia kwamba hakuna ambaye angejua kuwa sanduku lenyewe halikuwapo.

Siku waliyorekodi mara ya mwisho, mdogo wake alikigeuza kigoda, akaanza kupiga akimwelekea kaka yake. Kimya alikuwa amekodolea macho kompyuta. Mvumo ukamjaa masikioni.

"Geuka, inavuma."

"Niache leo nikuone, kaka."

"Utaniona tukimaliza."

Aligeuka, akapiga wimbo wote, safi kabisa. Walipomaliza, Kimya alikwisha kuanza kuchuja sauti, akamuaga bila kuinua kichwa. Wiki ileile mdogo wake akalazwa, na hakutoka tena.

Mama yao, aliyesafiri kutoka mbali, alimuuliza jambo moja tu msibani.

"Nilipomkuta hospitali nilidhani nimekosea kitanda. Wewe uliyekuwa naye kila wiki, mwanangu, hukuona anavyokonda?"

"Tulikuwa kazini, mama," alisema, na hata yeye aliona hilo si jibu.

Wanasema majuto ni mjukuu. Ya Kimya yalimjia hata kabla hajaoa.

Mama akaomba kusikia wimbo wa mwanawe. Kimya akajaribu masanduku yote ya ile programu, makubwa kwa madogo, na kila moja lilimpa gitaa zuri na ule mgongo wa mdogo wake. Mwishowe akakumbuka kile kipande cha mwanzo chenye mvumo, alichokuwa amekikata siku ile. Kilikuwapo bado. Akakirudisha mahali pake, hakuchuja kitu.

Mama alisikiliza akiwa ameketi kwenye kigoda kilekile.

"Mbona hapa mwanzo inavuma? Si wewe ndiye fundi?"

"Hapo alikuwa amenigeukia, mama."

Mama akaomba kipigwe tena. Kilipokwisha, akamgeukia.

"Alikuwaje usoni?"

Kimya aliiangalia ile chaki sakafuni.

"Sikuinua macho, mama."