Magimbi ya Siku ya Kwanza

Iko asubuhi moja ninayoikumbuka, mwanangu, ambayo ningekuwa na uwezo ningeifuta. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na mimi asubuhi ile sikumwaga maji, nilimwaga maziwa ya watu.

Nilikuwa mzazi. Mtoto wangu wa pili alikuwa bado mchanga kabisa, nami nimekaa ndani kama desturi yetu ya huku Masama inavyotaka: mzazi halimi, hachoti maji, kazi yake ni kunyonyesha na kula mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama. Majirani walikuwa wakiingia na kutoka, huyu na mkungu wa ndizi, yule na mzigo wa kuni, na mimi nikiwapokea kama malkia. Ndipo akaingia Mama Aikaeli na kibuyu cha maziwa.

Mama Aikaeli alikuwa jirani yetu wa kihamba cha chini, shamba lao la migomba na letu tumetenganishwa na mfereji tu. Alinizidi umri kwa miaka mingi, na alikuwa na ng'ombe wake mmoja aliyemtunza kuliko wengine wanavyotunza waume. Mwaka ule alikuwa amekonda. Nywele zilimtoka, akawa haonekani bila kitambaa kichwani. Na ilikuwa miaka ya ruksa, mwanangu, biashara imeachiwa huru, kahawa imeshuka bei, vijana wameteremka mjini kuuza mitumba, na ule ugonjwa mpya unapukutisha watu bila kuchagua. Mtu akikonda tu, basi, wanasema amekanyaga waya, ana UKIMWI. Nani alisema hivyo juu ya Mama Aikaeli? Wengi walisema. Lakini aliyeanza, nisikufiche, ni mimi.

Nilikuwa hata na ushahidi wangu. Nilikuwa nimemwona bandani anakamua huku amejifunga kanga puani. Na wote tulijua kwamba maziwa yake hayanywi, hata chai anakunywa ya rangi. Nikawaambia wanawake pale mferejini, kwa sauti ya mtu aliyesoma: ukiona mwenye maziwa anayaogopa maziwa yake, ujue yana jambo. Wakatikisa vichwa. Baada ya wiki moja hakuna aliyenunua tena maziwa kwa Mama Aikaeli.

Yeye akaniletea bure. Aliweka kibuyu mezani, akamtazama mtoto kwa mbali bila kumgusa, akasema, "Hongera, Mama Haika. Kunywa yangali ya moto." Akatoka. Nami sikusubiri hata afike mbali. Nilitoka kwa mlango wa nyuma nikayamwaga yote kwenye shina la mgomba. Nilipogeuka nikamkuta amesimama. Alikuwa amesahau mwavuli wake. Alitazama udongo ulivyokuwa mweupe, akanitazama mimi, akachukua kibuyu chake mkononi mwangu akasema, "Asante." Na unajua nilifanya nini baada ya pale? Niliingia ndani nikala mtori.

Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Nilipoanza kumwachisha mtoto ziwa nilisikia kitu kigumu kwenye titi la kushoto. Wakaniambia maziwa yameganda, nikande kwa majani ya moto. Nikakanda mpaka ngozi ikababuka. Nilipofika hospitali kubwa Moshi nilikuwa nimekwisha kuchelewa, ni kansa, wakaliondoa titi lote. Siku ya kutolewa nyuzi daktari akasema bado hatujamaliza, nirudi wiki inayofuata nianze kutundikiwa dawa, na nitatundikiwa mara nyingi, kwa miezi.

Nikatoka chumbani kwa daktari na maneno hayo kichwani. Kwenye benchi la nje, aliyekuwa akisubiri zamu yake ni Mama Aikaeli.

Nesi alitoka akamwita kwa furaha kama anamwita shangazi yake. "Mama, nywele zimerudi, leo umependeza. Njoo tukuangalie." Ndipo nikaelewa. Mlango ni huohuo, daktari ni huyohuyo, ugonjwa ni uleule. Hakuwa amekanyaga waya wowote. Alipopita aliona nilivyoshikilia kanga upande wa kushoto, akasema, "Pole." Nilitamani ardhi ipasuke. Nilijifunika uso kwa ncha ya kanga, mimi mwenye mdomo mpana kuliko wote pale mferejini.

Nilirudi nyumbani nimekata shauri kwamba sirudi tena. Niliwaambia watu naogopa dawa, na kweli niliiogopa. Lakini hofu ilikuwa ndogo. Kilichonishinda ni aibu. Kukaa kwenye benchi lile nikondeane na kunyonyoka kama alivyonyonyoka yeye, kisha wanawake wakaniteta mimi kwa maneno yale niliyowafundisha mwenyewe, niliona afadhali kufa nikiwa na nywele zangu. Ujinga huo, mwanangu, na nina watoto wawili. Baba Haika alikuwa safarini na lori, na hata angekuwepo, habari za titi wanaume wa wakati ule walizikimbia.

Aliyenikamata ni mama mkwe wangu. Alikuwa mtu wa maneno machache, na nilidhani hajui lolote. Alikuja akaketi kitandani kwangu.

"Yale maziwa," akasema, "mimi ndiye niliyeyafukia. Niliona weupe kwenye mgomba nikaweka majani juu, wageni wasione. Nikanyamaza nikidhani utajirudi mwenyewe."

Nikaanza kulia. Hakunibembeleza.

"Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Hiyo dawa mimi siijui, mume wako haijui, mchungaji haijui. Anayeijua hapa ni mmoja, na wewe umemfungia mlango kwa mdomo wako. Unataka watoto hawa niwalee mimi na uzee huu? Ondoka."

Akatoka hadi mpakani mwa kihamba akarudi na jani la isale. Wewe uliyezaliwa mjini labda unaliona ni ua la kupamba uzio. Kwetu ni jani la kuombea msamaha. Ukimwendea mtu nalo hawezi kukufukuza, hata kama umemkosea nini. Na hilo ndilo lililonichoma zaidi, kwamba nakwenda kumlazimisha mtu anisamehe.

Nilimkuta Mama Aikaeli anamkatia ng'ombe majani. Nikamwamkia, "Shikamoo." Akaitika, "Marahaba." Nikamnyooshea lile jani kwa mikono miwili. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njia nzima, yote yakapotea.

"Nilimwaga maziwa yako."

"Najua. Niliyaona."

"Na yale maneno ya watu, niliyaanza mimi."

"Hayo pia najua."

Alilitazama jani muda mrefu, kisha akalipokea akalichomeka kwenye ukuta wa banda. "Isale nimelipokea, mila ni mila," akasema. "Ila hasira bado ninayo, nisikudanganye. Siku yako ya dawa ni lini?"

Nikamwambia.

"Alfajiri unikute njia panda. Na chakula gani hukipendi?"

Nilidhani sijasikia vizuri.

"Chakula," akasema. "Kile ambacho hata upewe bure hukitaki."

"Magimbi," nikasema. Tangu utotoni magimbi yananikwama kooni.

"Haya," akasema, akarudi kwa ng'ombe wake.

Siku ya kwanza ya dawa ilipofika mama mkwe alikuwa ameamka kunipikia mtori, umejaa nyama, akanifungia kwenye hotipoti. Ndicho chakula ninachokipenda kuliko vyote duniani. Tulipoketi kwenye benchi nikafungua kifuniko, Mama Aikaeli akakirudisha. Akatoa kwenye kikapu chake magimbi ya kuchemsha, yamepoa, hata chumvi hayana, akaniwekea mapajani.

"Kula haya."

Nikajua sasa ananilipizia kisasi. Na niliona ni haki yake. Nikala huku machozi yananidondoka, kila tonge nalisukuma na maji. Watu wa benchi wakanitazama. Yeye akatoa uzi na sindano yake akaendelea kufuma kitambaa cha kochi, kama hanioni.

Lakini nilipoitwa ndani aliinuka nami. Akamwambia nesi, "Huyu ni wangu," akavuta kigoda akaketi upande wa mkono wangu. Akaanza kunieleza polepole, macho yakiwa kwenye uzi.

"Dawa yenyewe ni nyekundu, usishtuke. Ukienda haja ndogo na mkojo utakuwa mwekundu, siyo damu, ni hiyo dawa. Mimi nilipiga kelele choo kizima kikajaa watu. Mkono ukianza kuunguza pale sindano ilipoingia, usijifanye shujaa, sema hapohapo. Nyumbani ukipata homa usingoje kesho, rudi huku. Na nywele zikianza kutoka nitakuja nizinyoe zote, zisikutie simanzi kwenye mto."

Ile dawa ikaanza kuteremka. Niliogopa bado, lakini sikuwa peke yangu, na hiyo ilitosha kunikalisha pale kitini. Nikapata ujasiri wa kumuuliza kwa nini alinipa magimbi.

"Kwa sababu huyapendi," akasema. "Ukila unachokipenda siku ya dawa, unakipoteza. Kikirudi kwa kutapika, mwili hausahau, unakichukia kabisa. Mtori wako utaula siku nyingine ukiamka na njaa. Magimbi hata ukiyapoteza, nani atalia?"

Akahesabu matundu ya kitambaa chake, kisha akasema tena, bila kunitazama.

"Mimi siku yangu ya kwanza nilikunywa maziwa. Ya moto, kibuyu kizima, nikijua yatanipa nguvu. Nilikuwa peke yangu hapa, hapakuwa na wa kuniambia. Jioni yakarudi yote. Tangu siku hiyo maziwa na mimi basi. Hata harufu, natapika. Mimi niliyelelewa kwa maziwa."

Ile kanga puani. Ile chai ya rangi. Ule ushahidi wangu wote.

"Kwa hiyo yale uliyoniletea nikiwa mzazi," nikasema.

"Nilikamua."

"Huku unatapika?"

"Ng'ombe hajui kama mtu anaumwa," akasema. "Na wewe ulikuwa mzazi."

Nililia, mwanangu, mpaka nesi akaja mbio. "Inaunguza, mama?" akaniuliza, anashika mkono wangu wenye sindano.

"Hapana," Mama Aikaeli akamjibu. "Hiyo siyo sindano."

Alinipeleka mara zote zilizobaki. Hasira alikuwa nayo muda mrefu, aliniambia wazi, na wala haikumzuia kunifuata. Siku nyingine tulikaa benchi moja bila kusemezana kuanzia asubuhi. Nywele ziliponitoka alikuja na mkasi kama alivyoahidi. Na mimi, nilipoanza kuwa na nguvu za kutembea, nilikwenda pale mferejini nikiwa na kipara changu wazi, nikawaambia wale wanawake kwamba niliwadanganya, na maziwa ya Mama Aikaeli hayana kasoro, mwenye kasoro nilikuwa mimi. Wengine walicheka. Nilistahili.

Dawa zilipokwisha niliamka asubuhi moja nikaenda bandani kwake nikamwondoa kwenye kigoda. Nikamkamua ng'ombe wake mimi mwenyewe. Kisha nikajimiminia kikombe nikanywa mbele yake, nimesimama, mpaka tone la mwisho. Yeye alikuwa amesimama mbali upande unakotoka upepo, kanga puani, ananitazama.

"Sasa imekwisha," akasema. Alikuwa anasema juu ya hasira.

Tangu siku ile mpaka alipotangulia mbele ya haki, na hakufa kwa ugonjwa ule, alikufa kwa uzee, ng'ombe wake nilimkamua mimi. Hakuna anayenishukuru kwa hilo na wala sitaki. Hata sasa nikipita kwenye ule mgomba wa nyuma natazama pembeni. Watoto wa watoto wa mgomba ule tu ndio waliosimama pale leo, maana migomba haiishi, lakini macho yangu bado yanaona udongo mweupe.

Basi sikiliza, mwanangu, maana ndiyo sababu ya kukueleza aibu yangu yote hii. Hujafa hujaumbika. Ukimwona mwenzako amekonda, usimtafutie jina la ugonjwa, mtafutie kuni. Ukiona jambo lake hulielewi, kama mimi na ile kanga puani, muulize yeye au unyamaze. Na ukisikia kuna mwanamke ameitwa kwenda kutundikiwa dawa kwa mara ya kwanza, usimwache aende peke yake. Kama uliwahi kuipitia, nenda ukamwambie ulichokiona, hata kama hukumpenda, hata kama alikutukana. Hasira yako ibebe, mkae nayo benchi moja. Mimi mpaka leo nikiletewa mwanamke analia kwamba kesho ndiyo siku yake, simpi hotuba. Namuuliza tu, chakula gani hukipendi?

Na kama ni wewe unayekwenda, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nenda. Usione haya kuomba mtu akufuate, mimi haya nusura inizike. Ruwa, Mungu wa mlima huu na wa tambarare yote, akutangulie kwenye ule mlango na akukalishe salama. Akupe wa kuketi upande wa mkono wako wenye sindano. Na utakaporudi kihambani kwako, chakula unachokipenda ukikute bado kitamu.