Mwanamke Aliyesoma 'Mashua' Ikawa Kuni

Saa tatu na robo asubuhi, Hester Pridmore anakunjua hati ya ngozi ya kondoo iliyokaa ndani ya sanduku kwa zaidi ya miaka mia tatu. Hana haraka. Anaweka vizito vidogo kwenye pembe zake, anashika lenzi, kisha anamwita mzee anayesubiri kwa hamu kwenye meza ya pili.

"Babu wa babu yangu aliacha ujumbe," mzee anamwambia. "Umeandikwa hapo. Ujumbe mmoja, pamoja na bustani. Nimeutafuta miaka sita."

Hester anasoma, anatabasamu. Neno lenyewe ni messuage, linalokaribiana na message, yaani ujumbe kwa Kiingereza.

"Si ujumbe, baba. Wanasheria wa zamani waliliita hivyo jengo la kuishi pamoja na ua na mabanda yake. Babu yako aliacha nyumba."

"Nyumba!" Mzee anacheka mpaka watu wa meza nyingine wanageuka. "Na mimi nimepekua hadi nyuma ya picha ukutani!"

Hiyo ndiyo kazi ya Hester, mwenye umri wa miaka 61, katika chumba cha kusomea nyaraka za kale kaunti ya Leicester, Uingereza. Watu wanamletea maneno ya sheria na biashara ambayo Waingereza wenyewe wameyasahau, naye anawarudishia maana.

Hakuanzia hapo. Aliacha shule akiwa na miaka 16, akaenda kufunga soksi kwenye pakiti kiwandani kama mama yake. Kiwanda kilipofungwa alikuwa na watoto wawili, akakaa miezi tisa bila kazi. Aliyoipata hatimaye ilikuwa ya kufagia humu humu.

"Nilikuwa nafuta vumbi kwenye kabati la kioo, nasoma hati iliyowekwa humo," anasimulia. "Kila siku mstari mmoja. Bwana Tansley akanikuta, akadhani nimeharibu kitu."

Desmond Tansley, aliyekuwa mkuu wa nyaraka wakati huo, alimwuliza anafanya nini.

"Nikamwambia, hapa kwenye kibandiko mmeandika mwaka 1648, lakini hati inasema 1643. Akavaa miwani, akatazama. Kesho yake akaniletea kiti."

Alifundishwa kwa miaka mitatu, saa moja kila jioni baada ya kufagia. Kila neno jipya aliliandika kwenye kadi. Leo kadi zake ni 1,140, zimejaza makasha manne ya viatu.

Lakini neno lililomjulisha kwa watu ni moja.

Katika kijiji cha Cold Marling kuna nyumba sita za wajane na wazee zinazopakana na msitu. Wakazi wake wamekuwa wakiokota kuni humo tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka. Oktoba mwaka juzi msitu ulipata mmiliki mpya, na lango likafungwa kwa kufuli.

Winifred Goodacre, mwenye miaka 83, anaishi katika nyumba ya tatu.

"Jiko langu ni la kuni, sina jingine," anasema. "Nilihamia chumba kimoja, nikalala na koti. Wakaniambia nioneshe karatasi. Karatasi ipi? Mama yangu alipita lango lile, na mama yake vilevile!"

Karatasi ilikuwepo: nakala ya mkataba wa mwaka 1684, iliyopigwa chapa na karani karne iliyopita. Ilisema kila nyumba itapata kutoka msituni 'mashua ya moto na mashua ya ua'. Wakili wa mmiliki, Julian Farrant, akajibu kwa barua kwamba kijiji hakina mto wala ziwa, hivyo haki hiyo haina maana yoyote.

"Wakazi waliponiletea barua ile, damu ilinichemka," anasema Hester. "Nikajua karani alikosea. Lakini kujua ni kitu kimoja, kuonesha ni kingine."

Alipekua masanduku ya familia iliyomiliki msitu zamani, siku nne mfululizo, mpaka akaupata mkataba wenyewe. Karani alikuwa ameandika boat, mashua. Ngozi ilisema bote, neno la kale la kufaa na kutengeneza: kile ambacho mtu lazima akipate ili nyumba yake isimame. Firebote ni kuni za moto. Hedgebote ni miti ya kutengenezea ua.

Farrant alikuja mwenyewe kuutazama.

"Hii inaweza kuwa kosa la mwandishi wa zamani, bibi," alimwambia.

"Basi alikosea mara tano, mwanangu," Hester akamjibu, akimwekea mbele hati nyingine nne za msitu uleule. "Soma hapa. Usiniamini mimi, soma mwenyewe."

Wakili alisoma kidole kikiwa juu ya mstari, polepole kama mtoto wa darasa la kwanza. Alipomaliza alivua miwani. "Ni kuni," alisema.

Siku kumi na moja baadaye kufuli liliondolewa. Winifred alimtumia Hester keki ya tangawizi na kipande cha karatasi: 'Nyumba ina joto, mwanangu.'

"Kusema kweli, nilijiona mrefu," anasema Hester. "Mimi, mfunga soksi. Wenye shahada waliipita karatasi ile wasione kitu."

Atastaafu baada ya miaka miwili. Kuanzia Septemba, kila Jumamosi asubuhi, atafundisha kusoma hati za kale katika ukumbi wa Cold Marling. Kumi na wanne wamejiandikisha. Winifred alikuwa wa kwanza.

"Sitaki waniite bingwa," anasema, akiikunja hati ya mzee kwa mikono miwili. "Nataka siku mtu akiwaletea barua yenye maneno makubwa, wasiogope. Waseme tu: lete hiyo hati yenyewe, tuisome."