Siku Ambazo Ndanu Hakuwapo Darasani

Mke wangu Ndanu aliingia chuo akiwa na umri wa miaka arobaini na sita. Ni chuo cha ufundi, pale Thika, na kozi aliyochagua ilikuwa ya mabomba ya maji. Siku ya mazishi yake ilisomwa historia fupi ya maisha: alizaliwa, akabatizwa, akaolewa, akajaliwa binti mmoja, Janice, akalala katika Bwana mwezi wa Februari. Chuo hakikutajwa. Wa kulaumiwa ni mimi, maana niliiandika mwenyewe na sikuwa na nguvu ya kuongeza mstari hata mmoja. Sasa nguvu nimepewa kidogo, basi naandika.

Sisi ni watu wa Gatuanyaga. Tunafuga mbuzi na kupanda mbaazi, na mvua tunaiomba kwa Mungu kwa jina. Kanisa letu lilikuwa na tanki kubwa lililovuja pale bomba linapoingilia, na kila fundi tuliyemwita kutoka mjini alikuja mara moja, akatazama, akaahidi kurudi. Jumapili moja tukitoka ibadani Ndanu aliniambia, "Baba Janice, tunaomba mvua Jumapili, halafu Jumatatu tunaiacha imwagike. Mimi naenda kusomea hiyo kazi."

Nilicheka. Nilicheka mbele ya wazee wa kanisa, na wao wakacheka pamoja nami. Januari akaenda kujiandikisha.

Darasa lao lilikuwa na wanafunzi thelathini na mmoja, wengi wao wa umri wa Janice. Walimwita Mathe, yaani mama. Asubuhi alishuka kwa boda akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi, akavaa ovaroli yake ya bluu, akaingia karakana. Saa nne walipokwenda mapumziko alifungua mkebe wa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, aliokuwa amepika usiku uliotangulia, na vijana wakamzunguka na vijiko vyao. Kulikuwa na kijana mmoja mrefu, Mwas, ambaye alikuwa akifanya vibarua vya ujenzi, mjengo kama wanavyouita, huko Ruiru na kwa hiyo alikosa masomo mara nyingi. Akifika, salamu yake ilikuwa ni ile ile: "Mathe, leo kuna muthokoi ama nirudi mjengo?"

Rafiki mkubwa wa Ndanu alikuwa Wangechi, msichana wa miaka ishirini aliyepanga chumba mtaa wa Landless. Wangechi ndiye aliyekuwa kiranja wa darasa, na mengi ninayoyasimulia hapa ni yeye aliyenieleza, akikaa kwenye kiti cha jikoni kwetu siku za matanga. Mengine alinieleza Ndanu mwenyewe.

Katika chuo kile kuna sheria ya mahudhurio. Kila somo karatasi inapitishwa darasani, kila mtu anaandika nambari yake na kutia sahihi. Asiyefikisha asilimia sabini na tano haruhusiwi kufanya mtihani. Na wanafunzi nao wana desturi yao, ambayo haimo katika sheria: mwenzako akikosa, unamtilia sahihi. Wanaona ni utu. Wangechi alijifunza sahihi ya Ndanu mpaka akaiweza kuliko mwenyewe.

Alihitaji kuijua, kwa sababu kuanzia Juni Ndanu alianza kukosa. Kila baada ya wiki tatu alikosa Alhamisi, na Ijumaa iliyofuata, na mara nyingine hata Jumatatu. Chuoni hakusema kitu. Nyumbani aliondoka asubuhi kama kawaida na mfuko wake wa vitabu, nami nikamwambia asome vizuri. Alikuwa akienda hospitali, kliniki ya kansa. Uvimbe ulikuwa kwenye titi la kushoto. Nywele zilipoanza kutoka, alizinyoa zote, akaniambia vumbi la karakana limezidi. Nikaamini. Hakuwa mtu wa kusema uongo, lakini mimi alinidanganya miezi mitano, na nimemsamehe, na namwomba Mungu anisamehe mimi niliyeishi naye nyumba moja nisione.

Mwanzoni mwa Novemba chuo kilibandika orodha kwenye ubao wa matangazo. Upande mmoja waliokubaliwa kufanya mtihani, upande wa pili waliozuiwa. Mwas, ambaye wenzake walimtilia sahihi mara chache tu, alikuwa upande wa waliozuiwa, na asilimia sabini na moja. Ndanu alikuwa na tisini na nne.

Alisimama pale ubaoni muda mrefu, Wangechi anasema. Kisha akaenda zake kwa msajili, Bwana Githae.

"Nimekuja kwa sababu ya ile tisini na nne," akamwambia.

"Ni nzuri sana, mama. Vijana waige."

"Si yangu."

Bwana Githae akavua miwani. Ndanu akamwekea mezani karatasi aliyokuwa ameandika tarehe zote ambazo hakuwapo, moja chini ya nyingine.

"Nani alikuwa anakutilia sahihi?"

"Sikuja kushtaki mtu, mwalimu. Nimekuja kusema siku zangu."

"Na ulikuwa wapi siku hizi zote?"

Ndanu akaisogeza ile karatasi karibu naye. Bwana Githae akaondoa siku zile, akapiga hesabu, akamgeuzia karatasi aone. Sitini na nane. "Sheria ni sabini na tano, mama. Mwas nimemzuia kwa sabini na moja. Wewe nikupitishe na nini?"

"Usinipitishe," akasema Ndanu. Akashukuru, akatoka.

Alasiri hiyo hiyo ilitangazwa kwamba tangu sasa walimu wataita majina kwa sauti, na atakayeshikwa akimsainia mwenzake atarudishwa nyumbani muhula mzima. Wangechi alimkuta Ndanu nyuma ya karakana, kwenye bomba la kunawia.

"Mathe, umetuchoma! Mtu anakusaidia, halafu unajipeleka ofisini mwenyewe? Nani hufanya hivyo?"

"Mwas alikuwa anabeba mawe na amefungiwa nje. Mimi sikuwapo na nimeingizwa ndani. Ningekaa kwenye hicho kiti namna gani?"

"Basi ulikuwa wapi? Sisi tulisema ni mbuzi. Mtu wa Gatuanyaga akikosa, si ni mbuzi wamezaa? Lakini haki, Mathe, mbuzi gani hao wanazaa kila wiki tatu?"

Ndanu alicheka. Wangechi anasema alicheka mpaka akashika ukuta, na akiwa bado anacheka akavua kitambaa cha kichwani akakikunja vizuri, kama mtu anayekunja leso. Wangechi akaona kichwa. Shangazi yake alikuwa amepita njia hiyo hiyo, kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa.

"Ai, Mathe," akasema. Hasira ikaisha hapo.

Alimshika mkono akampeleka ofisi ya maslahi ya wanafunzi, kwa Madam Nakhumicha, chumba kidogo kilicho kando ya maktaba. Ndanu alikuwa amekipita karibu mwaka mzima akidhani ni cha wenye shida za mabweni. Madam Nakhumicha alimsikiliza, akatoa kijitabu cha sheria za chuo, kile kile ambacho kila mwanafunzi hupewa siku ya kwanza na hakuna anayekisoma. Humo ndani imeandikwa kwamba siku za ugonjwa hazihesabiwi, mradi mwanafunzi alete kadi za hospitali na fomu iliyotiwa sahihi na jamaa wa karibu.

"Kadi unazo?"

"Zote ninazo." Alikuwa anazibeba kwenye mfuko wa vitabu, nisije nikaziona nyumbani.

"Basi imebaki sahihi ya mume. Mwisho ni Ijumaa. Baada ya Ijumaa hata mimi sina la kufanya."

Wakatoka nje. Wangechi akaiangalia fomu, akamwangalia Ndanu. "Mathe, ya mzee naye nisaini mimi? Mkono tayari umezoea."

"Wangechi!"

"Nilikuwa najaribu tu."

Jioni hiyo nilikuwa nimekaa nje napukuchua mbaazi. Jua lilikuwa bado halijazama. Ndanu alikuja akaketi kando yangu, akachukua maganda mawili matatu akapukuchua nami, kisha akaweka fomu na kalamu juu ya ungo.

"Ya chuo," akasema. "Saini kwanza, halafu ukasirike."

Nikaisoma. Nilisoma hadi kidato cha nne, lakini siku hiyo neno moja lilinishinda kulipita. Nililisoma, nikarudi juu, nikalisoma tena. Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu Juni. Nikamuuliza ni nani mwingine anayejua. Akasema daktari, na tangu leo, Madam mmoja na msichana mmoja wa Landless.

"Kesho unaacha hicho chuo," nikamwambia. "Unakaa hapa, unapumzika, nakupikia uji."

"Ndiyo maana sikukwambia."

Alilisema polepole, bila lawama. Kisha akanieleza. Alisema hospitali wote wanamwita mgonjwa, na kanisani wakijua watamwita mgonjwa, na mimi nikijua nitamwita mgonjwa kwa kila kikombe cha chai nitakachompa. Mahali pekee duniani alipokuwa anaitwa fundi ni karakana. "Nimebakiza mtihani mmoja, Baba Janice. Nikiufanya, nitakaa unipikie huo uji. Nisipoufanya, nitakaa pia, lakini nitakuwa nimelala tu."

Nilitaka kuomba, likatoka neno moja tu, "Bwana," na zaidi ya hapo sikupata. Nadhani lilitosha. Nikatia sahihi juu ya ungo, kalamu ikatoboa karatasi mahali palipokuwa na punje ya mbaazi. Halafu nikakasirika, kama alivyoniruhusu, na alikaa kando yangu mpaka nikamaliza.

Siku ya mtihani wa vitendo nilimsindikiza. Wageni hawaruhusiwi kupita lango, kwa hiyo nikakaa kwenye benchi la askari. Walipewa muda wa saa tatu kila mmoja aunge mabomba ya sinki, kisha msimamizi afungue maji na kuyaacha robo saa. Mtu akivujisha hata tone, amekwisha. Wangechi alikuwa meza ya pili. Anasema Ndanu alifanya kazi akiwa amepiga magoti, kwa sababu kusimama kulimshinda, na kila alipokaza kiungo alipumzika akiwa ameegemeza paji la uso kwenye sinki. Watu walidhani anaomba. Wangechi anasema labda alikuwa anaomba.

Mimi kule langoni niliona watu wakitoka mmoja mmoja. Yeye alitoka karibu wa mwisho, ovaroli imelowa magotini, akitembea polepole.

"Haikuvuja," akaniambia. Kisha akaketi kwenye benchi na hakuweza kuinuka, na askari akamletea maji.

Desemba Wangechi na Mwas walikuja Gatuanyaga. Ndanu aliwekewa kiti chini ya tanki la kanisa akawaelekeza: kaza, legeza, rudi, tepu zaidi. Mwas alikuwa wa kurudia muhula, na alikuwa amemwambia Ndanu wazi kwamba hana kinyongo, isipokuwa muthokoi ulioisha. Nikaupika mimi. Walisema una chumvi nyingi, wakaumaliza.

Tanki halivuji.

Alifariki Februari, asubuhi, Janice akimshika mkono. Matokeo yalitoka Aprili. Alikuwa amefaulu vizuri.

Mwezi wa saba Madam Nakhumicha alinipigia simu niende nikachukue cheti. Lakini chuo hakitoi cheti mpaka mwanafunzi arudishe vyote alivyochukua, na fomu ya kurudisha ipigwe muhuri kila ofisi. Nikazunguka kwa niaba yake. Karakana nilirudisha spana ya bomba na ovaroli, niliyoifua mara mbili. Maktaba nilirudisha kitabu cha mabomba, na pambizoni alikuwa ameandika kwa penseli. Yule wa maktaba alichukua kifutio, akasoma ukurasa mmoja, akarudisha kifutio kwenye droo. Akapiga muhuri.

Mwisho nikafika kwa Bwana Githae. Cheti kilikuwa mezani, jina lake lote, Esther Ndanu Muasya. Akafungua daftari kubwa, akaweka kidole kwenye mstari wake.

"Saini hapa, mzee. Hapo penye jina lake."

Nilishika kalamu nikashindwa. Nikamwambia, "Mwalimu, huyu hakupenda kusainiwa na mtu."

Bwana Githae alisimama akaenda kwenye kabati, akatafuta faili, akaitoa ile fomu ya Novemba yenye tundu dogo kando ya sahihi yangu, akaiweka kando ya daftari.

"Hutamsainia," akasema. "Andika jina lako mwenyewe. Halafu andika wewe ni nani kwake."

Nikaandika: Nicanor Muasya. Na mbele yake, kwa mwandiko mzuri kadiri nilivyoweza: mume wake.